Mmarekani Akijiunga na Wakaangaji Kahawa wa Nyumbani wa Australia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu watu wanaonunua buni mbichi na kuikaanga wenyewe nyumbani, hasa kwa mtambo ambao Waaustralia huuita corretto. Wamarekani wengi wameupenda mtambo huo na kujiunga na wenyeji wake mtandaoni. Maswali mengine huulizwa na Wamarekani, mengine na Waswahili wanaoishi Marekani au Australia.

## Misingi

Je, Waaustralia wanachukia Wamarekani kujiunga nao?

Hapana. Mmarekani anayekuja na swali zuri hujibiwa siku hiyohiyo, na mara nyingi kwa urefu kuliko alivyotarajia. Kinachowachosha wenyeji ni kitu kimoja: ushauri usiotaja nchi. Mtu anaandika "chomeka kwenye soketi ya kawaida", "paundi moja", "digrii 400", kana kwamba dunia nzima iko Ohio. Mgeni wa Kiaustralia akiufuata ushauri huo anaweza kuunguza kifaa au kuharibu kahawa, na wenyeji ndio watakaobaki kumwelekeza upya.

Kwa hiyo taja nchi yako, volti zako na uzito kwa gramu kwenye ujumbe wa kwanza. Hilo peke yake huondoa sehemu kubwa ya manung'uniko.

Corretto ni nini hasa?

Ni vitu viwili vilivyounganishwa: mashine ya mkate ya nyumbani, ambayo kazi yake hapa ni kukoroga buni tu, na kipulizio cha hewa moto cha mafundi rangi, kinachoelekezwa ndani ya chombo kutoka juu. Mashine huwekwa kwenye hatua ya kukanda unga ili pala izunguke mfululizo. Themokapo, yaani kipimajoto cha waya, hupenyezwa kando ya chombo ili ncha yake izame ndani ya buni.

Wenyeji wanaujali mtambo huu kwa sababu ulikua mikononi mwao, kutokana na mashine kuukuu za maduka ya mitumba na vipulizio vya bei nafuu. Wamarekani walikuwa na njia yao ya jirani: kipulizio kilekile, lakini buni ziko kwenye bakuli la chuma la mbwa na mkono ndio unaokoroga. Njia zote mbili hutoa kahawa nzuri. Ya Kiaustralia humpa mtu mkono huru wa kuandika joto kila dakika, na hilo ndilo humfanya ajifunze haraka.

Kwa nini Waaustralia wanajivunia kahawa kiasi hiki?

Wahamiaji kutoka Italia na Ugiriki baada ya Vita vya Pili vya Dunia walileta espresso, kahawa nzito inayotolewa kwa shinikizo, mitaani. Pellegrini's, mkahawa wa Bourke Street mjini Melbourne, ulifunguliwa mwaka 1954 na bado upo. Starbucks, kampuni ya mikahawa ya Seattle, Marekani, iliingia Sydney mwaka 2000, ikafikisha maduka 84, kisha mwaka 2008 ikafunga 61 kati ya hayo. Mwaustralia hukumbuka habari hiyo vizuri sana, na Mmarekani akijiunga atakumbushwa.

Huo ni utani wa kukaribisha. Jibu lifaalo ni kucheka na kuuliza swali lako. Kujitetea kwa aya tatu kuhusu ubora wa kahawa ya Seattle ndiko kunakoharibu mambo.

Wakisema "kahawa", wanamaanisha nini?

Espresso, au kinywaji kilichojengwa juu ya espresso: flat white, latte, piccolo, long black. Mmarekani akisema "kahawa" mara nyingi anamaanisha ya chujio, kikombe kikubwa. Tofauti hii huzaa mabishano yasiyo na sababu, kwa kuwa mmoja anasifu ukaangaji mwepesi unaofaa chujio na mwingine anauona mchachu kwa sababu anautia kwenye espresso yenye maziwa.

Sema mapema utakunywa vipi. Kwa espresso, taja gramu za kahawa kavu, gramu zilizotoka kikombeni na sekunde. Mfano gramu 18 ndani, 36 nje, sekunde 28. Usitumie vijiko: kijiko kikubwa cha Australia ni mililita 20, cha Marekani ni 15. Kikombe cha kipimo nacho ni mililita 250 Australia na takriban 237 Marekani.

Long black hutengenezwa kwa kumimina espresso juu ya maji moto ili povu libaki. Usiiite Americano mbele ya mwenyeji. Na ugomvi wa nani aliyebuni flat white, Australia au New Zealand, waachie wenyewe.

## Umeme, hapa ndipo ajali hutokea

Kwa nini kila swali langu linajibiwa kwa "uko nchi gani"?

Kwa sababu Australia hutumia volti 230 na hezi 50, Marekani volti 120 na hezi 60, na nguvu ya kifaa cha kupasha joto hufuata mraba wa volti. Kipulizio cha Kiaustralia cha wati 2000 kikipewa volti 120 hutoa takriban wati 540 tu. Buni zitakauka polepole bila kufikia mlio wa kwanza, yaani sauti ya buni kupasuka. Kinyume chake ni hatari: kipulizio cha Kimarekani cha wati 1500 kikipewa volti 230 kitajaribu kuvuta takriban wati 5500, yaani zaidi ya ampea 23 kwenye soketi ya ampea 10. Kitaungua ndani ya sekunde chache hata kama swichi ya usalama itakatika.

Mwaustralia anayeuliza nchi yako anakulinda.

Nitumie transfoma?

Kwa kipulizio, hapana. Transfoma ya kubeba wati 1500 mfululizo ni nzito na bei yake huzidi ya kipulizio kipya. Vibadilisha volti vidogo vya wasafiri havifai kabisa hapa. Vingi havikuundwa kwa kazi ya robo saa mfululizo wala kwa vifaa vyenye mota.

Kwa mashine ya mkate, transfoma hurekebisha volti lakini haigusi hezi. Mota ya kawaida iliyoundwa kwa hezi 60 ikiendeshwa kwa hezi 50 hupungua kasi kwa takriban asilimia 17, na pala ikizunguka taratibu buni za chini huungua huku za juu zikiwa bado za kijani. Nunua mashine kuukuu ya nchi uliyopo.

Nina kipulizio cha Kimarekani cha wati 1500. Nifuate vipimo vyao vilevile?

Punguza buni. Waaustralia hukaanga gramu 500 kwa wati 2000. Kwa wati 1500 anza na gramu 350, kisha panda kwa gramu 25 kila mara. Ukiweka 500 siku ya kwanza, joto litasimama karibu na digrii 180, buni zitakaa humo muda mrefu na kutoka na ladha bapa kama karatasi. Wamarekani wengi hulaumu mtambo hapa, na wenyeji huudhika, kwa sababu tatizo ni hesabu ya nguvu.

Niko Kenya au Tanzania. Nifuate maelekezo ya nani?

Ya Australia. Umeme wetu wa volti 230 hadi 240 na hezi 50 unalingana na wao. Kinachotofautiana ni plagi. Wati 2000 ni chini kidogo ya ampea 9, hivyo plagi ya pini tatu bapa yenye fyuzi ya ampea 13 inatosha. Usiunganishe kipulizio na mashine ya mkate kwenye waya mmoja mwembamba wa kuongezea. Uchomeke kila kimoja kwenye soketi ya ukutani.

## Kukaanga

Mpango wa kawaida wa wenyeji ukoje?

Kwa gramu 500 na wati 2000, nje ya nyumba, penye hewa lakini pasipo upepo:

Pasha chombo kitupu dakika 2 hadi 3 huku pala ikizunguka. Mimina buni. Weka mdomo wa kipulizio sentimita 5 hadi 8 juu yake. Buni zigeuke njano kati ya dakika ya 5 na ya 6, themokapo ikisoma karibu digrii 150 za Selsiasi. Baada ya hapo joto lipande digrii 8 hadi 10 kwa dakika. Ukikaribia digrii 190, inua kipulizio kidogo ili mwendo ushuke hadi digrii 5 kwa dakika.

Mlio wa kwanza, unaofanana na bisi zikipasuka, huja kati ya dakika ya 11 na ya 13, kwa kawaida digrii 195 hadi 205. Namba kamili hutegemea ncha ya themokapo iko wapi, na kwa sababu hiyo kunakili namba ya mtu mwingine hakusaidii. Andika ya mtambo wako. Kwa espresso ya maziwa, endelea dakika 3 hadi 4 baada ya mlio kuanza. Kwa chujio, dakika 1 na nusu hadi 2.

Kisha poza haraka: mimina kwenye chekeche la chuma juu ya feni, na buni ziwe za kushikika ndani ya dakika 4. Zikibaki na joto zinaendelea kujikaanga. Pima uzito: gramu 500 zikirudi 425 umepoteza asilimia 15, na hapo ndipo wengi wanapopapenda.

Mimi nasoma joto kwa Farenhaiti. Ni lazima nibadilishe?

Ukiuliza, ndiyo. Themokapo nyingi zina kitufe cha kubadili. Kuwa mwangalifu zaidi na mwendo wa kupanda kuliko joto lenyewe: digrii 9 za Selsiasi kwa dakika ni digrii 16 za Farenhaiti kwa dakika. Mmarekani akisoma "9" na kuifuata kwenye Farenhaiti atakuwa anakaanga kwa karibu nusu ya mwendo unaotakiwa, na kahawa itaokeka badala ya kukaangika. Kosa hili hutokea mara nyingi kuliko lile la joto la mwisho.

Mbona ushauri wao wa Julai haunifai?

Julai ni baridi kali ya mwaka huko Melbourne, na ni kiangazi Chicago. Hewa inayoingia kwenye kipulizio ikiwa na digrii 8 badala ya 30, mpango uleule huchukua dakika moja au mbili zaidi, na mwenyeji atakuambia ushushe kipulizio karibu au uizungushie mashine bati la kuzuia upepo. Ukifanya hivyo kwenye joto la Chicago, ncha za buni zitaungua. Angalia tarehe ya ushauri na utaje joto la nje unapouliza.

Wamarekani wanasema corretto ni hatari. Je, ni kweli?

Kwa sehemu, na wenyeji wenye uzoefu hukubali. Makapi makavu huwaka yakikusanyika chini ya kipulizio, kwa hiyo yafagie kila baada ya mkaango. Mashine ya mkate ina kikata joto ndani yake. Ikizimika katikati ya kazi, buni zinaungua mahali pamoja kwa sekunde chache, basi ondoa kipulizio kwanza kabla ya kutafuta sababu. Watu wengine huziba kikata joto hicho. Usifanye hivyo. Weka bati kati ya chombo na mwili wa mashine, au pumzisha mashine dakika 20 kati ya mikaango.

Jambo linalosahaulika: vyombo vingi vya mkate vina utando usioshika, na utando huo ukipashwa kupita kiasi hutoa moshi unaoua ndege. Kwenye nyumba yenye kasuku, usikaange jikoni wala barazani karibu na tundu. Elekeza hewa katikati ya buni, usiielekeze kwenye ukuta mtupu wa chombo.

Kinachoudhi ni mtu anayekuja kutangaza hatari bila kuujua mtambo. Sema umeona nini, kwa mashine gani, kwa wati ngapi, na utasikilizwa.

## Adabu na utani

Wananiita "Yank". Ni tusi?

Kwa kawaida sivyo. Humaanisha Mmarekani yeyote, hata wa Texas au Georgia ambaye kwao neno hilo lina maana nyingine kabisa. Ukisema kwa upole kwamba hulipendi, wengi wataacha. "Seppo", jina jingine la utani la Mmarekani, ni kali zaidi. Inategemea nani anaitamka na mmejuana kwa muda gani.

Nilitoa ushauri mzuri, wakanijibu kwa baridi. Kwa nini?

Pengine ulianza na sifa zako. Mwaustralia hapendi mtu anayejikweza. Miaka yako ya kazi, mashine yako ya bei kubwa na idadi ya wafuasi wako havikupi uzito kwake. Weka grafu ya joto, picha ya buni na uzito kabla na baada. Matokeo hayo yakiwa mazuri watakuuliza wenyewe umejifunza wapi.

Sababu nyingine ni duka. Ukimjibu mtu wa Adelaide kwa kumtajia duka la vifaa la Kimarekani ambalo halipo kwao, jibu lako halina kazi. Huko watu huenda Bunnings. Andika aina ya kifaa na wati zake, mwenyewe atajua pa kukipata.

Nimeandika Jumapili jioni na hakuna aliyejibu. Wamenipuuza?

Saa 2 usiku Jumapili mjini Los Angeles, mwezi Julai, ni saa 7 mchana Jumatatu mjini Sydney. Watu wako kazini. Subiri saa sita hivi. Kumbuka pia kwamba Sydney na Melbourne hubadilisha saa Oktoba na Aprili, lakini Queensland na Australia Magharibi hazibadilishi.

Mimi ni Mswahili ninayeishi Marekani. Nitachukuliwa kama Mmarekani?

Kwa umeme na vipimo, ndiyo, basi fuata majibu ya sehemu ya umeme. Kwa kahawa, utapokelewa kwa hamu, kwa sababu wakaangaji wa pande zote mbili wanazipenda sana kahawa za Afrika Mashariki na wanajua machache kuhusu zinakotoka.

Utaulizwa kuhusu AA. Waeleze kuwa hiyo ni saizi ya buni tu, inayopimwa kwa chekeche; AB kutoka kiwanda kizuri cha Nyeri au Kirinyaga inaweza kuishinda AA ya mahali pengine. PB ya Tanzania, ile buni moja ya mviringo, Wamarekani huitafuta kwa jina. Kwenye corretto hubingirika vizuri na kukaangika sawasawa, ila hushika joto upesi. Inua kipulizio mapema kwa sentimita 2.

Utaulizwa pia kuhusu ladha ya kiazi kwenye kahawa za Rwanda, Burundi na Kivu. Hutokana na bakteria na huhusishwa na mdudu antestia anayetoboa tunda. Hakuna namna ya kukaanga inayoiondoa. Ukisaga na kusikia harufu ya kiazi kibichi, mwaga kipimo hicho kimoja, futa mashine ya kusagia na uendelee. Mfuko uliobaki unaweza kuwa mzuri kabisa.

## Ununuzi na mipaka

Naweza kujiunga nao kununua buni kwa pamoja?

Hapa ndipo utapata "hapana" ya wazi. Ununuzi wa pamoja hupangwa ili gunia moja ligawanywe kwa watu waliomo nchini. Kumtumia mtu mmoja kilo 2.5 huko Chicago kunagharimu kuliko kahawa yenyewe na kunamwongezea mpangaji kazi ya forodha. Marekani ina wauzaji wengi wa buni mbichi kwa rejareja. Omba jina la kiwanda na msimu wa mavuno, kisha uitafute kahawa hiyo upande wako.

Na kuwatumia zawadi ya buni mbichi?

Wasiliana na anayepokea kwanza. Masharti ya Australia kwa kila bidhaa ya mimea yamo kwenye hifadhidata ya serikali iitwayo BICON, naye atayasoma kabla hujafunga kifurushi. Kahawa inalimwa Queensland na kaskazini mwa New South Wales, na ulinzi dhidi ya wadudu na magonjwa ni mkali kwa sababu ya kueleweka: Hawaii iligundua kitoboa-buni mwaka 2010 na kutu ya majani mwaka 2020, na wakulima wake wanalipa gharama hadi leo. Kahawa iliyokwisha kukaangwa ni rahisi zaidi kutuma, na ndiyo zawadi ya busara.

Ninahama kutoka Marekani kwenda Australia. Nibebe vifaa vyangu?

Beba mashine ya kusagia ya mkono, mizani, themokapo inayotumia betri na chekeche. Acha kipulizio, mashine ya mkate, mashine ya bisi na mashine ya espresso ya volti 120, kwa sababu zilizoelezwa kwenye sehemu ya umeme.

Buni mbichi mizigoni usizifiche. Zitaje kwenye kadi ya abiria anayeingia. Ukitaja na zikakataliwa, utazipoteza tu, lakini usipotaja unaweza kupigwa faini papo hapo uwanjani. Osha na kukausha chekeche kabla ya kulifunga, maana makapi yaliyonasa kwenye matundu nayo ni mabaki ya mimea na ofisa atayaangalia.